Kijiti, ncha au tawi la kufungia? Njia tatu za kuzidisha komamanga, asumini, waridi na hina Visiwani

Mkomamanga wa jirani umezaa mpaka matawi yamelalia ukuta. Umeomba kipande, umepewa ruhusa, mkasi uko mkononi. Sasa ukate wapi? Kile kijiti kigumu cha chini kisicho na jani, au ile ncha laini ya juu inayopepea? Au usikate kabisa, ulifungie tawi udongo palepale mtini, usubiri liote mizizi ndipo ulitenge na mama yake?

Wengi wetu huchagua kwa mazoea. Aliyemwona bibi yake akichomeka vijiti atachomeka vijiti maisha yake yote, hata kwa mmea usiovipenda. Nimeotesha miche ya nyumbani kwa miaka mingi, kwanza Wete na sasa Unguja, na sijaona njia mbovu kati ya hizi tatu. Nilichokiona ni njia nzuri iliyoshikwa na mtu asiye na nafasi nayo, au iliyofanywa mwezi usio wake.

Mbegu nimeziacha makusudi. Mbegu ya komamanga tamu inaweza kukupa komamanga kali, kwa sababu kila mbegu ni mtoto mpya. Kipande cha tawi ni mti uleule: tunda lile, ua lile, harufu ile. Ni ugonjwa uleule pia, basi usikate kwenye mti wenye majani yaliyojikunja au yenye madoa, hata kama ni wa bure. Mkarafuu na mlangilangi nao haumo humu, maana hiyo desturi yake ni mbegu.

Mambo ya kupima kabla ya kukata

Kila njia nimeipima kwa mambo yaleyale: mmea unaoikubali, msimu wake, muda mpaka kupata mche, idadi ya miche ambayo mti mmoja unaweza kutoa, kazi ya kila siku, na vifaa. Hayo ya kazi na vifaa watu huyadharau, na ndiyo yanayoua miche mingi.

Nyuma ya yote hayo lipo jambo moja. Tawi likishakatwa halina mzizi, na bila mzizi halinywi vya kutosha. Kuanzia hapo linaishi kwa kilichomo ndani yake. Kijiti kigumu kina akiba ya chakula na hakina jani la kupotezea maji, kwa hiyo kinaweza kungoja. Ncha laini haina akiba, lakini ina majani yanayoendelea kutengeneza chakula, na majani hayohayo yanavuja maji kila dakika. Tawi lililofungiwa udongo bado linanyonyeshwa na mama. Ukilishika hilo, maelezo mengine yote utayakisia mwenyewe.

Kalenda si ya wenzetu

Vitabu vingi vya bustani vimeandikwa nchi za baridi. Humo utasoma kwamba vijiti vya miti inayopukutisha majani hukatwa kati ya Novemba na Februari, mti ukiwa mtupu. Kwa Uingereza ni kweli: baridi inaulaza mti na chakula kinabaki kimehifadhiwa kwenye tawi na mzizi. Kwetu Novemba ni vuli, mvua inanyesha na mti unachipua. Miti yetu hulazwa na ukame. Kaskazi ikishika, kuanzia Desemba hadi karibu na Machi, mti wa tini na mkomamanga hupunguza majani, na mhina uliokosa maji hubaki fito tupu. Huo ndio usingizi wao.

Basi soma tawi, usisome tarehe. Pinda ncha: ikivunjika kwa mlio kama bamia mbichi, ni laini na iko tayari kwa njia ya pili. Tawi likikataa kuvunjika na gome lake limeshageuka rangi ya mti, ni la njia ya kwanza. Kwa mwaridi kuna kipimo kizuri zaidi: sukuma mwiba kwa ubavu kwa dole gumba. Ukibanduka safi, tawi limekomaa. Ukichanika na gome, bado.

Njia ya kwanza: kijiti kilichokomaa

Chukua tawi la mwaka huu au uliopita, unene wa penseli, urefu wa shibiri moja. Chini kata moja kwa moja, chini kidogo ya kifundo, pale panapotokea jani, kwa kuwa mizizi hupenda kutokea hapo. Juu kata mshazari, juu kidogo ya jicho, yaani chipukizi lililolala. Mshazari ule unamwaga maji ya mvua na unakukumbusha upande wa juu ni upi. Jambo hilo si dogo. Homoni ya mizizi, oksini, hutembea ndani ya tawi kutoka nchani kwenda chini na kujikusanya penye kidonda cha chini. Kijiti kilichogeuzwa kichwa chini kwa kawaida hakifiki popote. Ukishakata, zamisha theluthi mbili ardhini, uache macho mawili matatu nje.

Mkomamanga, mtini, mforosadi, mhina na bogenvilia huikubali njia hii kwa moyo mmoja. Mwaridi wa kienyeji pia. Mwasumini unaweza, ila nitaueleza chini.

Msimu wake ni mwisho wa kaskazi, wiki mbili tatu kabla ya masika kushika. Mti umepumzika, na mvua itakufanyia kazi ya kumwagilia. Ukikuta tawi bado lina majani, yapogoe yote, usione huruma.

Muda ni mrefu. Hesabu miezi miwili mpaka mitatu kabla ya kuhamisha, na kwa komamanga mimi hungoja mpaka kipupwe kiishe. Hapa ndipo watu wanapodanganyika. Wiki ya tatu kijiti kinatoa vijani vya kijani vinavyong'aa, mtu anafurahi, anakihamisha, na baada ya siku nne kimekauka. Vijani vile vilitoka kwenye akiba ya kijiti, chini hamkuwa na mzizi hata mmoja. Jani si ushahidi wa mzizi. Subiri majani yakomae, yaongezeke, kisha kivute kijiti polepole kwa vidole viwili. Kikikushikia, kimeota.

Idadi ni neema ya njia hii. Mkomamanga uliopogolewa unakupa fungu zima la vijiti, na fito za mhina za kutosha ua hupatikana kwenye vichaka viwili vitatu. Vijiti vinavumilia safari pia: vikifungwa kwenye kitambaa kibichi na kuwekwa kivulini, vinakaa siku kadhaa. Nimevuka navyo kwa meli kutoka Mkoani, Pemba, vikiwa ndani ya kanga iliyoloweshwa, na vikaota.

Kazi ya kila siku ni ndogo: udongo usikauke kabisa, basi. Vifaa ni kisu kikali na ardhi. Ardhi lakini iwe ya kufaa. Kinongo, udongo wa tifutifu, ni kizuri. Kichanga kinataka maji mara nyingi zaidi. Kinamo, ule udongo mzito wa mabondeni, unashika maji mpaka kijiti kinaoza, kwa hiyo inua tuta kwanza. Na mchwa wapo. Wanamwanza aliye dhaifu au aliyekwisha kufa, kisha wanahamia kwa jirani. Kijiti kilichokauka king'oe mara moja.

Inamfaa mwenye shamba au ua, asiyekuwa na muda wa kutazama miche asubuhi na jioni, na anayetaka miche mingi ya aina moja.

Njia ya pili: ncha laini yenye majani

Kwa asumini na afu, ua dogo la jamii ya asumini, njia hii ndiyo ninayoipenda, na ndiyo iliyonitia hasara kubwa kuliko zote. Mwaka wa kwanza nilioishi Unguja nilikata ncha 26 za asumini mwezi wa Januari, saa sita mchana, nikazipanga kwenye makopo uani bila ya kivuli. Jioni zilikuwa zimelala. Nikazimwagia maji mengi kwa huruma. Siku ya tatu zilikuwa nyeusi, na maji yale yalikuwa yamezimaliza zile chache zilizobaki. Mama yetu alizitazama akasema tu, "Mwanangu, umezikata zikiwa na kiu."

Alikuwa sahihi. Ncha hukatwa alfajiri, kabla ya jua kupanda, majani yakiwa yamejaa maji ya usiku. Urefu wa kidole cha kati au zaidi kidogo, kama sentimita 10, chini ya kifundo. Toa majani ya chini yote, bakisha mawili ya juu. Kama ni makubwa, yakate nusu kwa mkasi ili yavuje kidogo. Tia ndani ya beseni lenye kitambaa kibichi, usiache juani hata dakika tano. Kisha toboa tundu kwa kijiti kwenye mchanga, ingiza ncha, bana mchanga kwa vidole. Usiisukume kwa nguvu, gome la chini litachubuka.

Mchanga uwe safi na usiwe na chumvi. Mchanga wa pwani ni mwepesi na unavutia, lakini uoshe kwa maji baridi, yasiyo na chumvi, mara nyingi kabla ya kuutumia, au chukua wa mbali na bahari. Mimi huchanganya mchanga sehemu mbili na mboji iliyooza vizuri sehemu moja. Mbolea mbichi usiiguse hapa.

Juu funika kwa chupa ya maji ya plastiki iliyokatwa kitako, kifuniko kikiwa kimefungwa. Ndani ya chupa hewa inakuwa na unyevu, jani halivuji sana. Weka chini ya mwembe au kibanda cha makuti, mahali penye mwanga lakini jua halifiki. Chupa juani ni chungu cha kupikia.

Zaidi ya asumini na afu, njia hii inafaa hibiskasi, bogenvilia na mwaridi. Kwa mwaridi tumia tawi lililomaliza kuchanua, si chipukizi kipya kisicho na nguvu. Mkomamanga nao hukubali ncha, ila sioni sababu ya kuhangaika wakati vijiti vyake vinaota kwa urahisi.

Msimu mzuri ni baada ya masika, Juni na Julai, wakati kumepoa na miti imejaa machipukizi mapya. Vuli pia inafaa. Katikati ya masika ukungu unashambulia. Ukilazimika, weka chini ya paa na umwagilie wewe mwenyewe, usiiachie mvua. Kaskazi kali, usijaribu.

Malipo yake ni haraka. Asumini huota ndani ya wiki nne hadi sita. Na idadi ni kubwa kuliko njia zote, maana kichaka kimoja kina ncha zisizohesabika na ukikata kinachipua zaidi. Kazi ndiyo bei yake: kutazama kila siku, kunyunyizia kidogo, kuondoa jani lililooza kabla halijaambukiza, kufungua chupa kidogo kidogo wiki ya mwisho ili mche uzoee hewa ya nje. Ukisafiri siku tatu bila ya mtu wa kukuangalizia, usianze.

Watu huniuliza kuhusu dawa za unga za mizizi. Zinasaidia, hasa kwa mwaridi, kwa sababu zina homoni ya aina ya oksini. Chovya kitako kidogo tu na ukung'ute, ikizidi inaunguza. Asali inayosifiwa sana haina homoni hiyo. Kazi yake ni kuzuia vijidudu penye kidonda. Asumini haihitaji chochote kati ya hivyo.

Kuna na wale wanaotia ncha kwenye glasi ya maji dirishani. Kwa mrehani ni sawa kabisa. Kwa vichaka vya miti, mizizi ya majini huvunjika upesi ikihamia udongoni.

Njia ya tatu: tawi lisilotengwa na mama

Ina namna mbili. Ya kwanza ni kulaza: unainamisha tawi refu la chini mpaka ligusane na ardhi, unalichuna kidogo upande wa chini, unalifukia sehemu hiyo na kuligandamiza kwa jiwe, ncha ikibaki nje. Miasumini na miafu hujifanyia yenyewe, mara nyingi ukitazama chini ya kichaka utakuta mche tayari. Haina zaidi ya hapo.

Ya pili ni kufungia. Chagua tawi lenye afya, unene wa kidole, lililosimama. Zungusha kisu mara mbili, umbali wa sentimita mbili hadi tatu kati ya mkato na mkato, ubandue gome lote la katikati. Kwangua ule ute wa kijani uliobaki juu ya mti, ukiuacha gome litajiziba na hutapata mzizi. Maji yanaendelea kupanda kutoka kwa mama kupitia mti wa ndani, lakini sukari na oksini zinazoshuka kupitia gome zinakwama kwenye mdomo wa juu wa kidonda. Hapo ndipo mizizi inapotoka.

Funga kidonda kwa konzi ya usumba uliochanganywa na udongo wenye mboji, ukiwa na unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa. Kisha zungushia plastiki, ufunge juu na chini. Usumba tunao tele, lakini ule uliotoka kwenye makumbi yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya kamba una chumvi ya bahari. Uloweke kwenye maji baridi siku mbili tatu na kubadilisha maji kila siku.

Inakubaliwa na karibu kila kichaka nilichokitaja, na pia mndimu. Kwa mwaridi mkaidi, wa aina ambayo vijiti vyake vinakufa kila mwaka, mimi huanza hapa moja kwa moja. Msimu ni wakati wowote mti unapokua kwa nguvu. Mwanzo wa masika ni bora, kwa kuwa bonge halikauki. Muda ni wiki sita hadi kumi. Kazi ni kuliminya bonge kwa vidole mara moja kwa wiki, na likiwa jepesi kuongeza maji kidogo kwa juu. Kama umetumia plastiki inayoonyesha, utaona yanayoendelea. Mwaka jana nilifungua bonge la mwaridi wiki ya saba: mizizi myeupe, minene kama tambi, imezunguka usumba wote na mingine imeanza kupata rangi ya kahawia. Huo ndio wakati wa kukata, chini ya bonge. Plastiki itoe, usumba uache ulivyo, na mche ukae kivulini wiki mbili kwanza.

Ubaya wake ni idadi. Ukifunga matawi zaidi ya matatu manne kwenye mti mdogo, unauchosha. Na unahitaji kuwa karibu na mti: ukiwa wa jirani, umwombe akuachie bonge lako kwa miezi miwili, na watoto wasilifungue. Faida ni kwamba mche unaoupata ni mkubwa, wakati mwingine unachanua mwaka huohuo, na ukishindwa hujaua tawi ambalo halipatikani tena.

Wewe uko upande gani?

Kama unazungushia ua wa mhina shambani, tuseme Donge au Konde, chukua vijiti na uchomeke mwisho wa Februari mahali pale pale ua utakaposimama. Weka viwili viwili kila nafasi ili kimoja kikifa pasibaki pengo.

Mkaazi wa ghorofani, kama vile Michenzani, mwenye baraza na makopo sita tu, ncha za asumini zinamfaa. Nafasi ni ndogo, kivuli kipo, na unazipita kila ukitoka, hivyo kutazama si kazi ya ziada.

Ukiwa Jambiani, Paje au sehemu nyengine ya uwanda, ardhi ni mawe na visima vingi vina chumvi. Kijiti cha kuchomeka ardhini kitakupa shida. Tumia makopo na udongo ulioletwa, na maji ya mvua uliyoyakinga ndiyo uyaweke kwa miche. Kulaza tawi pia ni vigumu hapo. Kufungia ni rahisi, kwa kuwa udongo wako unaninginia juu.

Unayefanya biashara ya miche usitegemee njia moja. Vijiti kabla ya masika, ncha baada yake, ndipo meza isibaki tupu. Na tafadhali usiuze mche kabla haujashika. Niliwahi kununua miwaridi mitano kwenye kitalu kimoja. Nilipotoa udongo nikakuta ni vijiti vyenye majani mazuri, mzizi hakuna. Mnunuzi wa namna hiyo hujilaumu mkono wake na anaacha kupanda.

Na kama una mti mmoja tu, wa bibi, na nyumba inauzwa? Hapa nisingechagua. Siku ya kwanza funga matawi matatu. Siku hiyohiyo, alfajiri, kata ncha kumi na uzitie chini ya chupa. Tawi lililokomaa lifanye vijiti na umpelekee ndugu mwenye shamba. Mwasumini wa bibi yetu wa Wete tuliuhamisha hivyo miaka minane iliyopita. Ncha zilikufa zote, vijiti viliota viwili, na bonge moja ndilo lililokuwa la kwanza kutoa ua. Ua lile la kwanza tulilitia kwenye kikuba cha dada siku ya harusi yake, katikati ya mrehani.